Miti Iliyotupwa

Bishopville ni mji mdogo katika jimbo la Carolina ya Kusini, nchi ya Marekani. Hapo kuna bustani moja ambayo watu wametoka mbali kwenda kuitazama. Miti yake haikuachwa ikue ovyo. Mmoja ulikatwa ukawa mviringo kama mpira, mwingine ukawa na pembe nne kama sanduku, mwingine ukazunguka kama kamba iliyosokotwa. Uko hata mti uliokatwa kwa mfano wa mifupa ya samaki. Lakini yote ni miti hai, yenye mizizi na majani. Aliyeipa miti hiyo maumbo hayo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, jina lake Pearl Fryar.

Neno lililomchoma moyo

Fryar alizaliwa mwaka 1939 katika jimbo la Carolina ya Kaskazini. Wazazi wake walikuwa watu weusi maskini, waliolima shamba la mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Alipokuwa mtu mzima, alifika Bishopville kufanya kazi katika kiwanda cha makopo, akatafuta mahali pa kukaa. Lakini katika mtaa mmoja watu weupe hawakumtaka. Walisema kwamba watu weusi hawatunzi viwanja vyao.

Neno hilo lilimchoma moyo. Hata hivyo hakugombana na mtu. Alinunua kiwanja mahali pengine, palipokuwa shamba la mahindi, akajenga nyumba yake. Kisha akakusudia jambo moja. Mjini palikuwa na chama cha watu wapendao bustani. Kila mwezi chama hicho kilichagua kiwanja kizuri na kusimamisha kibao cha sifa mbele yake. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kupewa kibao hicho. Fryar akasema moyoni kwamba atakipata.

Lakini atakipata namna gani? Hakuwa na fedha nyingi, wala hakusomea kazi ya miti. Siku moja, mahali wanapouza miche, aliona mti mdogo uliokatwa kwa umbo la ajabu. Akauliza unafanywaje, naye mwuzaji akamwonyesha kwa dakika chache. Hayo ndiyo masomo yote aliyopata. Hapo pia palikuwa na jalala la miche dhaifu iliyotupwa, maana hakuna aliyetaka kuinunua. Fryar akaichukua, akaipanda na kuitunza.

Kazi yake kiwandani ilikuwa ya saa nyingi. Aliporudi nyumbani, alipanda ngazi na kukata matawi, mara nyingi usiku, kwa mwanga wa taa. Majirani walishangaa. Mwaka 1985 kibao kile kilisimamishwa mbele ya nyumba yake.

Kwa nini mti hutii makasi

Kazi hii ya kuupa mti umbo si uchawi. Inafuata desturi ya mti wenyewe.

Kila tawi lina macho, yaani mahali panapotoka machipukizi. Jicho la kileleni ndilo lenye nguvu kupita mengine. Linatoa kitu fulani kinachoshuka katika tawi na kuyazuia macho ya kando yasiamke. Kwa sababu hiyo mti hupenda kwenda juu. Mtu akikata kilele, kizuizi kinaondoka. Macho mawili au matatu ya chini yanaamka, na mahali pa tawi moja yanatoka matawi kadhaa. Yakikatwa tena vilele vyake, yanaongezeka tena. Ndiyo maana mti ukatwao mara kwa mara huwa mnene, na majani yake hushikana kama ukuta.

Lakini anayekata sharti awe na kiasi, kwa maana majani ndiyo yanayoulisha mti kwa msaada wa jua. Mti ukinyang'anywa majani mengi kwa siku moja, unadhoofika. Afadhali kukata kidogo kidogo, mara nyingi. Tena sehemu ya chini iachwe pana kuliko ya juu. Ikiwa juu ni pana, kivuli chake kitaziba jua, na majani ya chini yatakufa.

Kujaribu nyumbani

Mtoto anayetaka kujaribu kazi hii katika lupango lao aombe kwanza ruhusa ya wazazi. Achague mti mdogo wenye majani mengi, kama ibiskusi yenye maua mekundu, ambayo huvumilia kukatwa. Mti wenye utomvu mweupe, kama mnyaa, asiuguse, kwa sababu utomvu wake unaumiza sana macho. Kazi ianze wakati wa mvua, mti unapokuwa na nguvu, si wakati wa kiangazi kikali.

Makasi yawe makali na safi. Makasi butu yanapasua tawi, na ugonjwa unaingia katika kidonda. Kabla ya kukata, auzunguke mti na kuutazama pande zote. Achomeke fimbo nne kuuzunguka na kufunga kamba, ili aone mpaka wa kukata. Kisha akate ncha zilizotoka nje ya kamba, basi. Baada ya majuma machache machipukizi mapya yatatokea, naye atakata tena. Umbo zuri halipatikani kwa mwezi mmoja. Miti mingine ya Fryar ilingojewa miaka mingi.

Maneno matatu

Katika bustani yake Fryar aliandika maneno matatu ardhini kwa herufi kubwa sana: upendo, amani na nia njema. Mwaka 2006 hadithi yake ilionyeshwa katika filamu, na watu wengi wakaja kuona kazi yake, weupe kwa weusi.

Alisaidia pia kuwalipia vijana masomo yao. Hakutaka fedha hizo ziende kwa wale wa kwanza darasani tu. Alitaka wasaidiwe hasa wale wanaopata alama za katikati, ambao mara nyingi hakuna anayewatazama. Alijua vema miche iliyotupwa jalalani inavyoweza kuwa, ikipata mtu wa kuipanda na kungoja.

Maulizo

1. Watu wa mtaa ule walisema nini juu ya watu weusi? Fryar aliwajibu kwa njia gani?
2. Alipata wapi miti yake ya kwanza?
3. Kilele cha tawi kikikatwa, kunatokea nini?
4. Kwa nini sehemu ya chini ya mti iachwe pana?
5. Vijana waliosaidiwa na Fryar wanafanana kwa nini na miti yake?