Nimonia Inayopitia Kwenye Mpira wa Pumzi

Barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi inapita Likasi, na malori ya madini hayakauki humo. Ajali ikitokea, au shimo la wachimbaji likiporomoka, wapo majeruhi wa kichwa na kifua wasioweza tena kujipumulia. Hao huingizwa mpira kooni, mashine ikawapumulia. Mpira huo huokoa maisha, lakini ndio pia njia ya nimonia. Ikianza baada ya saa 48 tangu mpira uwekwe, madaktari huihusisha na mashine.

Ndugu wengi huilaumu mashine kuwa chafu. Lakini aghalabu vijidudu hutoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe. Wewe mate yakikupalia hukohoa. Aliyelazwa kwa dawa za usingizi hakohoi ipasavyo. Mpira una puto dogo linaloziba njia ya hewa pembeni mwake, na mate hutuama juu yake, kisha huchuruzika pembeni kidogo kidogo hadi mapafuni. Ndani ya mpira nako vijidudu hujijengea utando ambao antibiotiki haziupenyi kirahisi. Baya zaidi, baada ya siku chache kinywa cha mgonjwa mahututi huvamiwa na vijidudu vya hospitalini, kama Klebsiella na Pseudomonas, ambavyo mara nyingi ni sugu kwa dawa.

Hapo mapafu yanaweza kufanya jipu, au usaha ukajaa kati ya pafu na kifua. Vijidudu vikiingia damuni, presha inaweza kushuka na figo kushindwa. Mchimbaji ambaye vumbi la mawe limekwisha kumtia makovu mapafuni ana pumzi ndogo ya kupambana.

Kinga, nashukuru, si ya gharama kubwa: kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, kinywa kisafishwe, na kila siku dawa za usingizi zipunguzwe ili ionekane kama mgonjwa anaweza kutolewa mpira. Umeme ukikatika na muuguzi akalazimika kuminya mfuko wa hewa kwa mkono, mkono huo uwe umeoshwa kwanza, hasa ukitoka kitanda cha jirani.

Nanyi mnaolala hospitalini kumlinda mgonjwa, mkiona kitanda kimelazwa bapa, ulizeni sababu. Msimtilie uji wala maji mdomoni kwa siri, hata midomo ikiwa imekauka kiasi gani. Mwiteni muuguzi aipanguse.