Dawa za Miti na Ugonjwa wa Wasiwasi

Kila mtu huogopa mtoto akishikwa na homa au kazi ikikoma. Hofu ya namna hiyo si ugonjwa. Lakini ikiwa wasiwasi unakushika kila siku kwa miezi, moyo unapiga mbio, usingizi unakukimbia na kazi inakushinda, basi wewe ni mgonjwa. Si uvivu wala si uchawi. Ugonjwa huu hutibika.

Tangu reli ilipofika Sakania mwaka 1909, vitu vingi hupitia mpaka wetu na Zambia. Siku hizi hata dawa za majani na mizizi huuzwa mbali na zinakoota. Wengine husema, "Ni majani tu, hayana hatari." Neno hilo si kweli.

Fikiri juu ya mti uitwao Rauvolfia vomitoria, unaoota katika misitu ya Kongo. Waganga wa kienyeji wametumia mizizi yake kutuliza wenye wazimu. Ndani yake mna reserpini, dawa ambayo wataalamu waliitoa mwaka 1952 katika mti wa India wa jamaa hiyo. Hutuliza kweli. Lakini pia hushusha presha, tena yaweza kuleta huzuni nzito. Mtu anayemeza dawa za presha akiongeza mizizi hii, aweza kuanguka na kuzimia.

Vilevile ua la Ulaya liitwalo Hypericum hupunguza nguvu ya dawa nyingi za SIDA na ya vidonge vya kuzuia mimba. Na kava, mzizi wa visiwa vya Pasifiki, umeharibu maini ya watu wengine.

Basi, ufanye hivi:

1. Usiache dawa ya hospitali kwa sababu umepata dawa ya miti.

2. Lete chupa au mzizi wenyewe, umwonyeshe daktari.

3. Mwenye mimba, mama anyonyeshaye na mtoto wasinywe bila shauri lake.

4. Punguza kahawa, uache pombe, umweleze taabu yako mtu unayemtumaini.

5. Mawazo ya kujiua yakikujia, njoo hospitali siku ile ile.

Dawa ya miti pengine itasaidia ile ya hospitali. Lakini ukiificha, daktari atakutibu kama mtu anayetembea gizani.