Jumamosi ya Bangkok huanza kabla ya jua

Mwezi Aprili, ikifika saa nne asubuhi, lami ya Bangkok huwa imeshashika moto. Mgeni anayeishi huko, awe mwalimu wa Kiingereza kutoka Kenya, mtumishi wa Umoja wa Mataifa katika makao ya ESCAP, tume yake ya Asia na Pasifiki, au mfanyabiashara wa vito aliyewafuata mafundi wa kukata na kung'arisha mawe, hujifunza mapema kupanga siku yake ya mapumziko kwa kulifuata jua. Anayelala hadi saa tatu Jumamosi hubakiwa na maduka makubwa yenye viyoyozi. Ni mazuri, lakini yanafanana na ya Dubai na ya Singapore. Bangkok yenyewe iko nje, na imeamka zamani.

Bustani ya Lumphini hufunguliwa saa kumi na nusu alfajiri, na kuingia ni bure. Ardhi hiyo, takriban hekta 57, ilitolewa na Mfalme Vajiravudh katika miaka ya 1920, ikapewa jina la Lumbini, mahali huko Nepal alikozaliwa Buddha. Alfajiri wazee hujinyoosha chini ya miti, wakimbiaji huzunguka njia ya kilomita mbili na nusu, na kenge wakubwa hutoka ziwani kujianika majanini bila mtu kuwarushia jiwe. Wanaopenda kukimbia kwa makundi wana vilabu vya Hash House Harriers, mchezo ulioanzia Kuala Lumpur mwaka 1938 ambao wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam nao wanaufahamu. Kati ya Januari na Machi ni vyema kutazama kwanza ubora wa hewa kwenye simu, maana moshi na vumbi laini huutanda mji, na siku nyingine kukimbia ni kujidhuru.

Kutoka Lumphini kuna daraja la waenda kwa miguu na baiskeli, urefu wake kilomita 1.3, linalokupeleka juu ya vichochoro hadi bustani ya Benchakitti. Sehemu yake ya msitu, iliyofunguliwa mwaka 2022, ilikuwa kiwanda cha tumbaku cha serikali. Maghala kadhaa yameachwa yasimame na sasa watu huchezea humo, na madimbwi yaliyochimbwa huchuja maji machafu ya mfereji wa jirani. Kiwanja hicho kiko katikati kabisa ya jiji, mahali ambapo mjenzi yeyote angetamani kupandisha ghorofa. Badala yake kilipandwa miti. Sisi tunaotoka katika miji ambako kila uwanja wa wazi unanyemelewa, tuna sababu ya kulitazama jambo hilo kwa wivu.

Asubuhi ikiwa bado changa, nenda gati la Khlong Toei. Mashua ndogo hukuvusha mto Chao Phraya kwa baht chache, na ng'ambo ni Bang Krachao. Mto hapo umejikunja hadi unakaribia kukutana na wenyewe, na ardhi iliyobaki katikati ya mkunjo huo imehifadhiwa kwa miaka mingi isigeuzwe mji. Kwenye gati wanakodisha baiskeli. Baada ya dakika chache unaendesha juu ya vijia vyembamba vya zege vilivyoinuliwa juu ya maji, vingi bila vizuizi pembeni, katikati ya minazi, migomba na bustani za matunda. Maghorofa ya ng'ambo yanaonekana, ila kelele zake hazifiki. Hapa usishindane na mtu. Ukikutana na mwanamke aliyepakia mboga kwenye pikipiki, shuka, egemea pembeni, mpishe. Watoto watakupungia mkono, na mtu asiyejua hata sentensi mbili za Kithai ataonyeshwa njia kwa vidole hadi afike.

Jumamosi na Jumapili soko la Bang Nam Phueng huwa wazi kando ya mfereji, na hapo ndipo pa kula chakula cha mchana. Agiza som tam. Mpishi huweka kitunguu saumu na pilipili kwenye kinu kirefu, akaviponda kwa mchi wa mti, akaongeza sukari ya mnazi, uduvi mkavu, karanga, nyanya, ndimu na mchuzi wa samaki, kisha akatia papai bichi lililochanwa nyuzinyuzi. Kabla ya kuanza huuliza unataka pilipili ngapi, sema moja. Hupakuliwa pamoja na kuku wa kuchoma na wali wa kunata, unaofinyangwa tonge kwa vidole, na kwa hilo mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa. Ikiwa ni msimu wa embe, malizia kwa embe bivu juu ya wali uliotiwa tui la nazi.

Mchana ni wa kivuli. Wapenzi wa mimea na vitu vya zamani huenda Chatuchak, soko la wikiendi lenye vibanda vinavyotajwa kupita 15,000. Mimi ningekwenda Wat Pho, penye sanamu ya Buddha aliyelala yenye urefu wa mita 46, nikakandwe. Ukandaji wa Kithai uliingizwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni mwaka 2019, na hekalu hilo lina shule inayoufundisha.

Rudi Lumphini jua likishuka. Saa kumi na mbili kamili vipaza sauti hupiga wimbo wa taifa, na bustani nzima husimama. Mkimbiaji hukata mbio na anayesukuma kigari cha mtoto hutulia. Mgeni naye anapaswa kusimama, ni adabu. Wimbo ukiisha kila mtu huendelea alipoachia, na muziki wa mazoezi ya viungo huanza kwa kishindo.

Chakula cha jioni kina barabara yake: Yaowarat, mtaa wa Wachina, ambako majiko huwashwa kando ya njia giza likiingia. Usiende Jumatatu, kwa kuwa wengi hufunga. Mwislamu anayetafuta halali atashiba vizuri zaidi Sukhumvit, Soi 3/1, mtaa wenye migahawa ya Kiarabu ambako familia za Ghuba zilizokuja kwa matibabu hukaa hadi usiku. Apate pia mchuzi wa massaman, chakula cha Waislamu wa Thailand, wenye iliki, mdalasini na karafuu, harufu ambazo Mzanzibari atazitambua kabla sahani haijafika.

Popote utakapokaa, usile peke yako. Meza ya Kithai huwekwa sahani katikati, kila mtu akachota kidogo kidogo, na mtu mmoja hawezi kuagiza samaki, mboga, supu na mchuzi akavimaliza. Waite wenzako wa kazini, mwite jirani wa ghorofa. Treni za juu hufanya kazi hadi karibu saa sita usiku, hivyo muda upo wa kuagiza sahani nyingine.