Nani Atavisimamisha Vigingi?

Jioni, jua linapopunguza ukali wake, watoto wa Kamina huchagua mahali penye udongo mgumu, hupanga makopo matupu, kisha hurudi nyuma hatua kumi na kuyatupia mpira wa matambara. Makopo yanapoanguka kelele ni nyingi na kicheko ni kikubwa. Lakini baada ya kicheko huja ubishi, na ubishi huo kila baba na kila mama ameusikia: “Nenda wewe ukayapange!” “Siendi, mimi nimeyapanga mara mbili!” Kila mmoja anataka kutupa, hakuna anayetaka kusimamisha. Mwisho wake kazi humwangukia aliye mdogo kuliko wote, kwa sababu yeye hana nguvu za kukataa.

Wasomaji wapenzi, msiudharau ubishi huo. Watu wazima wa nchi tajiri walikuwa nao vilevile kwa miaka mingi, nao pia walimtwika mdogo mzigo. Leo tutaona jinsi ubishi wao ulivyokwisha kwa mtambo wa chuma, na jinsi mtambo huo unavyofanya kazi.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo tunaousema huitwa bolingi. Huchezwa ndani ya nyumba, juu ya njia ndefu ya mbao laini yenye upana wa mita moja na sentimeta tano hivi. Mwisho wa njia husimama vigingi kumi vya mbao, vyenye umbo la chupa: shingo nyembamba na tumbo nene. Kila kigingi kina urefu wa sentimeta 38 na uzito wa kilo moja na nusu au zaidi kidogo. Hupangwa pembe tatu, kama viazi vya kuuza sokoni: kimoja mbele, nyuma yake viwili, kisha vitatu, kisha vinne. Kati ya kigingi na jirani yake pana sentimeta 30 na nusu. Mchezaji husimama mbali, kwa maana toka mstari wake mpaka kigingi cha mbele ni mita 18 na sentimeta 29. Huvingirisha tufe zito, ambalo laweza kufika kilo 7 na robo.

Katika kila zamu kati ya zamu kumi, mchezaji ana ruhusa ya kutupa mara mbili. Akiviangusha vyote kwa tufe la kwanza, hiyo huitwa straiki, naye hahitaji kutupa tena katika zamu hiyo, isipokuwa ya mwisho. Kama vimebaki vingine, tufe la pili ni la kuvitafuta hivyo vilivyobaki. Huku kwetu Afrika ya Mashariki mchezo huu umefika katika miji mikubwa: watu wa Nairobi wameucheza Village Market, na watu wa Kampala waliwahi kuucheza katika jengo la Garden City.

Sasa fikirini, ninyi wanafunzi wenye akili kali. Baada ya tufe la kwanza, vigingi vingine vimelala na vingine vimesimama. Vilivyolala lazima viondolewe. Vilivyosimama lazima vibaki palepale vilipo. Hata kama kimoja kimesukumwa upande kidogo, kisirudishwe mahali pake pa kwanza. Kisha tufe lirudishwe kwa mwenyewe. Na baada ya tufe la pili, vyote kumi vipangwe upya kwa kipimo kilekile. Ni nani atakayefanya kazi hiyo, mara mamia kwa usiku mmoja?

MTOTO WA SHIMONI

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa moja: mtoto wa maskini. Chama kikubwa cha mchezo huo cha Marekani kilianzishwa New York mwaka 1895, kikaweka sheria na vipimo. Kumbi zikaenea mijini, na nyuma ya kila njia palikuwa na shimo, na karibu na shimo palikuwa na kijana. Tufe lilipokuja aliruka juu na kuketi ubaoni, miguu ameikunja, maana vigingi viliruka huku na huku na kuweza kumvunja mfupa. Kisha aliruka chini, akaokota vilivyolala, akaliinua tufe na kuliweka kwenye reli ya mteremko ili lirudi, akaruka tena juu. Mara nyingi kijana mmoja alihudumia njia mbili kwa pamoja. Malipo yalikuwa senti chache kwa kila mchezo.

Mwezi wa Aprili 1910, mpiga picha Lewis Hine aliingia katika ukumbi mmoja wa Brooklyn, saa saba ya usiku. Yeye alifanya kazi kwa kamati iliyopigania watoto wasiharibiwe na kazi, na silaha yake ilikuwa kamera. Aliwapiga picha vijana wa shimoni wakiwa kazini. Chini ya picha aliandika kwamba walifanya kazi hapo kila usiku, na kwamba watoto wengine watatu, wadogo zaidi, walizuiwa na bwana wa ukumbi wasionekane pichani. Tafakarini neno hilo. Yule bwana hakuona haya kuwatumia watoto wale watatu. Aliona haya watu wasije wakawaona.

MTAMBO UNAZALIWA

Watu walijaribu kwanza kuipunguza kazi hiyo nusu. Walitengeneza meza ya chuma yenye matundu kumi; kijana alivitia vigingi matunduni, akaishusha meza, navyo vikasimama barabara. Upangaji ukawa mwepesi, lakini kijana alibaki shimoni.

Mnamo mwaka 1936 mtu mmoja jina lake Gottfried Schmidt, wa Pearl River katika jimbo la New York, alishika kazi ya kuunda mtambo ambao ungefanya yote bila kijana. Haki ya uvumbuzi wake ilinunuliwa na kampuni ya American Machine and Foundry, yaani AMF, iliyokuwa na mazoea ya kutengeneza mitambo ya sigara. Vita Kuu ya Pili ilichelewesha kazi. Mwaka 1946 mtambo ulionyeshwa mbele ya watu mjini Buffalo, wakati wa mashindano makubwa, lakini ulikuwa haujakomaa. Palipita miaka mingine ya kusahihisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mitambo ya AMF ikaanza kufungwa katika kumbi. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ya Brunswick nayo ikaleta mtambo wake.

JINSI UNAVYOFANYA KAZI

Hapa Kamina tuna mwalimu mzuri wa kutusaidia kufahamu, naye ni njia ya reli. Kamina ni mji ambapo reli za kutoka Lubumbashi, Ilebo na Kalemie hukutana. Kila mtu wa stesheni anajua sheria hii: treni haipewi ruhusa ya kupita mpaka reli zimegeuzwa na kufungwa sawasawa. Jambo la pili hungoja la kwanza liishe. Mtambo wa vigingi nao umejengwa juu ya sheria hiyohiyo.

Tufe linapopita, huenda likagonga mto mnene ulioning’inia nyuma ya shimo. Kule kusukumwa kwa mto ndiyo amri ya kuanza. Upesi hushuka mbele ya vigingi ubao mpana, ambao tutauita fagio. Kwanza fagio halifagii. Linafunga njia tu, kama mti ushushwao barabarani treni ikikaribia, ili asije mchezaji mwenye haraka akatupa tufe jingine mtambo ukiwa kazini.

Kisha hushuka meza kutoka juu. Kila kigingi kilichosimama hugusa kwa kichwa chake sehemu ya meza, na kwa mguso huo mtambo hujua, “Hapa pana kimoja.” Mahali pasipo na mguso hujua kwamba kigingi kimeanguka. Hauna macho, unapapasa kama kipofu mwerevu. Meza ikishuka bila kugusa kichwa hata kimoja, basi hiyo ni straiki, nao mtambo huruka hatua zinazofuata na kwenda kupanga kumi vipya.

Kama vimebaki vilivyosimama, koleo zilizo chini ya meza huvikamata shingoni na kuviinua juu. Ndipo fagio linafagia kwa kweli: hurudi nyuma, likisukuma shimoni vyote vilivyolala. Likisha kurudi mbele, meza hushuka tena na kuviweka vile vilivyoshikwa palepale vilipokamatwa. Meza ikapanda, fagio likainuka, njia ikawa wazi kwa tufe la pili.

Nako shimoni kazi haikomi. Tufe hupata mlango wake, likasukumwa kwa nguvu kwenye reli na kurudi kwa mchezaji. Vigingi huchukuliwa na sakafu inayotembea, yaani ukanda mpana, hadi kwenye gurudumu kubwa lililosimama, lenye mifuko ukingoni. Kila mfuko hubeba kigingi kimoja hadi juu, kama gurudumu la kutekea maji ya shamba. Lakini kimoja hupanda kichwa mbele, kingine kitako mbele. Je, mtambo usio na akili utavigeuzaje? Umbo la kigingi lenyewe hutoa jibu. Shingo ni nyembamba na tumbo ni zito; basi vikidondoka katika chombo kilichokatwa kwa kipimo, uzito wa tumbo huvigeuza vyote vikateremka kitako mbele.

Mwishowe vigingi hugawanywa. Katika mtambo wa Brunswick wa miaka ile, kikapu cha mviringo chenye nafasi kumi huzunguka hatua kwa hatua, kikipokea kigingi baada ya kigingi. Katika ule wa AMF ukanda mwembamba husogea huku na huku ukijaza kila nafasi. Ndiyo maana mtambo mmoja huwa na vigingi ishirini au zaidi kidogo: wakati kumi wanapigwa huko chini, wenzao wanajipanga huko juu. Baada ya tufe la pili fagio husafisha vyote, meza hushusha kumi vipya, na zamu nyingine huanza.

Mitambo ile ya kwanza haikuwa na kompyuta yoyote. Iliongozwa na mota, swichi, mikanda, na magurudumu yasiyo ya mviringo kamili ambayo kila yanapozunguka husukuma mkono fulani kwa wakati wake. Wala si kwamba haikosei. Kigingi kikisogea mbali mno kabla ya kusimama, koleo huikosa shingo, na mtambo husimama ukamngoja fundi. Kwa hiyo kila ukumbi ulipowaaga vijana wa shimoni, ulimwajiri fundi mwenye funguo na mafuta mkononi.

KAMBA BADALA YA KOLEO

Tangu zamani upo pia mtambo wa namna nyingine, ulio rahisi zaidi. Kila kigingi kimefungwa kamba kichwani. Baada ya tufe, kamba zote huvutwa, vigingi hupanda hewani kama vikaragosi. Mtambo hujua kwa mvuto wa kamba ni vipi vilivyoanguka, ukavizuia juu na kuvishusha vingine. Mtambo huu una viungo vichache, hula umeme kidogo na haumtesi sana fundi. Kasoro yake ni kwamba kigingi kilichosogezwa hurudi mahali pake pa asili, na kamba zaweza kubadili namna vigingi vinavyoangushana. Mwaka 2023 chama kikuu cha bolingi cha Marekani kiliukubali, lakini kwa kuuhesabu mchezo wa kamba kuwa fungu lake peke yake, wala si sawa kabisa na ule wa vigingi huru.

MTAMBO NA MTOTO

Mwingine atauliza: Je, si kweli kwamba vijana wale walikosa senti zao? Ndiyo, ni kweli, na nyumba ya maskini huzihesabu senti. Marekani ilikwisha kutunga sheria ya nchi nzima kuhusu kazi za watoto mwaka 1938, nayo sheria ilikuwa jambo jema. Lakini mahali pengi kilichomaliza kazi ya shimoni kabisa ni mtambo. Nchi yetu nayo inayo sheria ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009. Hata hivyo kila mtu wa Katanga anajua kwamba wako watoto wanaobeba mifuko ya mawe machimboni saa ambazo wenzao wanabeba madaftari. Hao nao mara nyingi huwekwa kando mgeni mwenye kamera anapokuja.

Basi funzo la mtambo huu si kwamba chuma kina akili kuliko mtu. Kila jambo linalofanya chuma hiki, mtoto alilifanya kwanza: kutazama kilichosimama, kuondoa kilicholala, kurudisha tufe, kupanga kumi. Schmidt na wenzake walikaa wakaichunguza kwa makini kazi ya yule mdogo, ambayo mabwana wa kumbi walikuwa wameidharau, wakaigawa hatua kwa hatua, mpaka chuma kikaweza kuichukua. Asiyeitazama kazi ya mdogo hawezi kumpunguzia mzigo.

Nanyi watoto mnaocheza makopo jioni, msingoje mtambo kutoka Marekani. Kwenu dawa ni nyepesi zaidi: anayetupa leo, na apange kesho.