Moshi wa plastiki ni hatari kwa mafundi wa leza

MASHINE za leza zimewarahisishia kazi mafundi wanaotengeneza ngao za tuzo, vibao vya majina, hereni na vishikizo vya funguo. Hata hivyo, moshi wa baadhi ya plastiki zinazokatwa kwa mashine hizo una sumu inayoweza kuunguza mapafu, na plastiki iliyo hatari kuliko zote si rahisi kuitambua kwa macho.

Mashine nyingi za karakana ndogo hutumia leza ya kaboni dayoksaidi, aina iliyobuniwa mwaka 1964 na Kumar Patel katika maabara ya Bell nchini Marekani. Mwale wake hauonekani. Ukielekezwa juu ya plastiki, huipasha joto kali katika nukta ndogo hadi ikageuka mvuke na moshi. Leza, kwa hiyo, haikati kama msumeno, inachoma. Kitakachojaa hewani hutegemea plastiki yenyewe imeundwa kwa kitu gani.

Akriliki, inayotumika sana kwa ngao na mabango, hukatika vizuri na kuacha ukingo unaong'aa. Mvuke wake una harufu kali na huwasha, nayo hushika moto kwa urahisi. Ndiyo maana mashine haipaswi kuachwa bila mtu inapofanya kazi, hata kwa dakika chache.

Hatari kubwa zaidi ni PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji. Kiasi cha asilimia 57 ya uzito wa PVC isiyochanganywa ni klorini. Ikichomwa hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevunyevu hugeuka asidi. Unyevunyevu huo umo machoni, kooni na ndani ya mapafu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, huihesabu gesi hiyo kuwa hatari kwa maisha inapofikia sehemu 50 katika sehemu milioni moja za hewa.

Asidi hiyo hula vyuma pia. Reli za mashine hushika kutu na lenzi huharibika. Mwenye karakana anayeona kutu ya ghafla kwenye mashine yake ana kila sababu ya kuuliza hali ya vifua vya vijana wake.

PVC haiji kwa umbo la bomba tu. Imo katika stika nyingi za mabango na katika ngozi nyingi za bandia zinazoshonewa mikoba na viti. Shiti angavu ya PVC hufanana mno na akriliki, na kuitia majini hakusaidii kwa kuwa zote mbili huzama.

Ipo njia ya zamani ya kuipima, iliyotolewa na mkemia Friedrich Beilstein mwaka 1872. Waya wa shaba hupashwa motoni hadi uwe mwekundu, hugusishwa kwenye kipande cha plastiki, kisha hurudishwa motoni. Mwali ukigeuka kijani, plastiki hiyo isiwekwe kwenye leza. Kipimo hicho nacho hutoa moshi wenye sumu, hivyo hufanywa nje, kwa kipande kidogo sana.

Plastiki ya ABS, ambayo matofali ya kuchezea ya Lego hutengenezwa kwayo, nayo ni ya kuepukwa: moshi wake huweza kuwa na haidrojeni sayanaidi. Polikaboneti huungua na kubadilika rangi, hivyo hata kazi yenyewe huharibika.

Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii gesi hizi. Kinachohitajika ni feni yenye bomba la kutoa moshi nje ya jengo, mbali na madirisha ya majirani. Hata feni hiyo haiifanyi PVC kuwa salama kukatwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake, na karakana ya watu watatu nayo ni mahali pa kazi.

Aliyevuta moshi wa PVC atolewe mara moja kwenye hewa safi. Kwa aliyevuta mwingi, maji huweza kujaa mapafuni saa kadhaa baadaye, wakati yeye mwenyewe anadhani amepona. Ni vyema aende hospitali mapema, na amweleze daktari ni plastiki gani iliyokuwa ikikatwa.