Namba E Mbele, Kopo la Nyanya Uvunguni

Oya wana, tuongee ukweli. Bukoba siku hizi Subaru ni nyingi, na zinapendeza, hamna ubishi. Impreza ya bluu, rimu za dhahabu, spoila kama lote, egzosi inabweka mpaka Kashai wanashtuka. Namba E. Fresh kabisa.

Sasa lala chini, ingia uvunguni. Pale chini ya injini ya EJ ya Subaru, katikati ya mabomba ya egzosi, kuna kikopo kinaning'inia. Ndo filta ya oili. Na kwa masela wengi kikopo kile ni magumashi matupu. Mshkaji kamwaga hela ya msimu mzima wa senene kwenye rimu, halafu oili anaichuja kwa kopo la nyanya. Huo ndo ushamba wa mwaka, na nausema kiroho safi.

Najua mjomba atasema nini. "Filta ni filta." Mjomba huyohuyo ndo anaosha filta ya zamani kwa petroli na kuirudisha, eti enzi za Land Rover walifanya hivyo. Shikamoo mjomba, tafuna kahawa yako, sisi tuna kazi.

Kazi yenyewe hii: tulipasua filta mbili kwa msumeno wa chuma, gereji moja ya Rwamishenye. Ya kwanza ni ya Tokyo Roki, zile zinazotoka Japani na chata ya Subaru, namba 15208AA100. Ya pili ina boksi linalong'aa kuliko la kwanza, ila jina la mtengenezaji halieleweki. Nje ukizipanga, zote kali. Ndani, mwanangu, ni mbingu na ardhi. Ya Japani karatasi imekunjwa mikunjo imebanana, nafasi sawasawa kuzunguka duara zima. Ile ya boksi la kung'aa mikunjo imekaa ovyo, hapa imeshikana, pale pana uwazi kidole kinapita, na gundi imeachia upande mmoja. Yaani oili inapita pembeni, haichujwi kabisa. Springi ukiibonyeza kwa kidole inalala. Na ule mpira unaozuia oili isirudi kwenye sampo ukizima gari? Mgumu, haukunjiki, ukiukunja unachanika.

Kopo la nyanya.

Hapo kwenye springi tukae kidogo, maana masela wengi hawapajui. Ndani ya filta kuna vavu ya baipasi, na springi ndo inaibana. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito asubuhi ya baridi, vavu inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, ili injini isikauke. Poa. Ila pampu ya oili ya Subaru inasukuma kinoma, kwa hiyo Tokyo Roki wameiseti vavu yao ifunguke kwenye kama 23 psi. Filta nyingi za kawaida zinafunguka chini ya hapo. Ukikanyaga kupandisha Kamachumu kutokea Muhutwe, rpm iko juu, vavu legevu inaachia, uchafu wote unaingia kwenye metali za konrodi. Uwazi wa pale ni sehemu chache tu za mia za milimita. Na kama una turbo, shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya oili hiyohiyo. Baadaye unasikia ko-ko-ko. Injini imenoki. Hapo rimu za dhahabu zinauzwa kwa bei ya kutupa, tena anazinunua dogo wa Muleba huku anacheka.

Gari hii inastahili heshima, wana. Colin McRae alichukua Safari Rally ya Kenya 1997 na Impreza, Richard Burns akarudia 2000. Vumbi lile, mawe yale. Wewe unashindwa kufika Muleba salama kwa sababu ya kikopo?

Halafu sisi ndo Kagera, jamani. Watu wa huku walikuwa wanayeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita, na hewa ya tanuru walikuwa wanaipasha moto kwanza. Watafiti Schmidt na Avery waliyaandika hayo kwenye jarida la Science mwaka 1978. Wazee wa level hiyo nawasikiliza siku nzima. Mjomba wa petroli, hapana.

Bei inauma, sikatai. Ya ukweli inakula hela ya chipsi kuku zako na za demu, na muuzaji akiona spoila anapandisha tena. Wengine wanaagiza Kariakoo inakuja na basi, wengine wana mchizi anapita Mutukula mpaka Kisekka pale Kampala, maana Kampala ni karibu kuliko Dar. Popote, usinunue boksi. Itoe, chungulia kwenye matundu, bonyeza mpira kwa kidole, soma chapa ya kwenye kopo. Maandishi yakifutika kwa mate, rudisha.

Na usidanganywe uvae filta ya Toyota kisa inafanana. EJ inataka thredi ya M20, Toyota nyingi ni robo tatu ya inchi. Ukilazimisha unaua thredi.

Kufunga sasa. Subiri injini ipoe, yale mabomba ya egzosi yanachoma mkono kishenzi. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haujabaki umeganda kwenye bloku, maana mipira miwili ikikutana unamwaga oili yote kabla ya Kemondo. Mpya upake oili, funga kwa mkono mpaka uguse, ongeza kama robo tatu ya mzunguko. Basi. Spana ya mnyororo ni ya kufungulia, fundi akitaka kukazia nayo mnyang'anye.

Washa. Taa ya oili izime. Ingia uvunguni tena na tochi ya simu. Pakavu? Weka muziki, twende Muleba.