Tangazo Linaloeleweka: Somo la Uandishi Kutoka Mkoa wa Mara

Tangazo linapobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata Kibara, wilayani Bunda, miongoni mwa wanaolisoma ni mvuvi anayetoka ziwani asubuhi, mwenye samaki wa kuwahi kuuza. Asipoelewa siku au mahali anapotakiwa kufika, hasara ni yake, si ya aliyeliandika.

Kwa mfano, tangazo linaweza kusema: "Wananchi wanajulishwa kuwa zoezi la uhakiki wa leseni za uvuvi litafanyika kwa mujibu wa utaratibu uliowekwa." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haisemi nani afike, lini, wapi, wala aje na nini. Ingeandikwa, "Kila mwenye mtumbwi afike ofisi ya kata Jumatatu, saa 2:00 asubuhi, akiwa na leseni yake", mvuvi angejua la kufanya. Sentensi ya pili imemtaja mtu na kumpa kitenzi. Ya kwanza imevificha vyote viwili nyuma ya "zoezi", neno ambalo siku hizi limetwishwa mizigo mingi mno.

Mkoa wa Mara unaye mwandishi wa kujifunza kwake. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikulia katika Kizanaki. Kiswahili alijifunza baadaye. Mwaka 1962 alitoa kijitabu alichokiita Tujisahihishe, kilichokosoa makosa ndani ya chama chake mwenyewe, TANU. Neno hilo moja linaonesha maana ya sauti katika maandishi: kiambishi "tu" kinamweka mwandishi pamoja na wale anaowakosoa. Angechagua "Jisahihisheni", ujumbe ungekuwa uleule, lakini msomaji angesikia amri kutoka juu.

Wala Mwalimu hakuridhika na rasimu ya kwanza. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ilichapishwa mwaka 1963. Akiwa bado Rais, aliirudia na kuisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Wananchi nao huandikia ofisi za umma, na barua nyingi hufunguliwa kwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu", maneno yasiyomweleza mpokeaji chochote. Anayelalamikia maji na kuanza kwa kusema, "Pampu ya kisima cha kitongoji chetu imeharibika tangu Machi 3, na sasa tunachota maji ziwani", amekwisha kueleza tatizo, mahali na muda kabla ofisa hajafika mstari wa tatu. Heshima haipungui, salamu na jina la cheo hubaki mahali pake.

Kabla ya kubandika tangazo au kupeleka barua, mwandishi amsomee kwa sauti mtu asiyelijua jambo hilo, kisha amwombe alieleze kwa maneno yake. Atakapokwama ndipo pa kuandika upya. Kwa istilahi inayotatiza, lipo Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa mwaka 1967.